Jinsi ya Kutenganisha "Affect" na "Effect" kwa Msaada wa Kiswahili

Maneno haya mawili ya Kiingereza hayatenganishwi kwa sikio, kwa kuwa irabu yake ya kwanza haina mkazo na wasemaji wengi huitamka kwa namna moja. Programu ya kukagua tahajia nayo mara nyingi hunyamaza, maana kila neno limeandikwa sawasawa. Katika kazi yangu ya kufasiri nyaraka, nimeona kwamba kipimo cha kuaminika ni Kiswahili chenyewe.

Hatua ya 1: Ifasiri sentensi yako moyoni. Ukipata kitenzi "athiri", andika "affect", kama katika "The drought affected the harvest", yaani ukame uliathiri mavuno. Ukipata nomino "athari", andika "effect". Usifuate herufi ya kwanza ya "athari" ukaipa nomino hiyo a ya Kiingereza.

Hatua ya 2: Ikiwa ni kitenzi lakini "athiri" inapotosha maana, jaribu "leta", "fanya" au "tekeleza". Hapa naomba utulie, kwa sababu "effect" nayo huwa kitenzi, hasa katika mikataba, na kosa lake ni zito. "The buyer shall effect payment within 30 days" humtaka mnunuzi alipe ndani ya siku 30. Ukiweka "affect", mnunuzi ataathiri malipo tu, na wajibu wa kulipa umetoweka katika maandishi. Vivyo hivyo, "to effect changes" ni kuleta mabadiliko ambayo hayakuwapo, ilhali "to affect changes" ni kuyagusa yale yaliyopo. Asili yake yaeleza hayo: yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini "facere", kufanya, lakini "affect" lina kiambishi cha kuelekea kitu, na "effect" kiambishi cha kutoa nje, ndiyo maana likabeba wazo la kukamilisha.

Hatua ya 3: Chunguza misemo iliyozoeleka. "Take effect" ni kuanza kutumika, "with effect from 1 July" ni kuanzia tarehe 1 Julai, na "personal effects" ni vitu binafsi vya mtu. Anayeandika kwamba sheria "itachukua athari" amehamisha maneno akaiacha maana.

Hatua ya 4: Katika ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili, usiisahihishe "affect" iliyotumika kama nomino. Hutamkwa kwa mkazo mwanzoni, na humaanisha hisia zinavyoonekana kwa mgonjwa, usoni na katika sauti yake.