Namna ya Kuomba Msamaha wa Masharti ya Ujenzi mbele ya Bodi ya Rufaa za Kanda, Massachusetts

Mwenye nyumba katika miji ya Massachusetts, kama vile Lowell au Worcester ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimeweka makazi, mara nyingi husikia habari ya kanda za ardhi kwa mara ya kwanza siku anaponyimwa kibali cha ujenzi. Amepeleka ramani ya kuongeza chumba nyuma ya nyumba, naye mkaguzi wa majengo amemjibu kwa maandishi kwamba ukuta mpya utasimama futi 9 kutoka mpakani, ilhali kanuni za mji zinamtaka aache futi 15. Barua hiyo inaudhi, lakini ndiyo inayomfungulia njia, kwa kuwa inataja kifungu hasa kinachomzuia, na ombi lake lote litajengwa juu ya kifungu hicho.

Jimbo hili lina miji 351, na kila mji hutunga kanuni zake za kugawa ardhi katika kanda na kuweka masharti ya kila ukanda: matumizi yanayoruhusiwa, ukubwa wa kiwanja, upana wake upande wa barabara, urefu wa jengo, nafasi ya kuacha hadi mpakani na idadi ya maegesho. Juu ya kanuni hizo kuna Sura ya 40A ya sheria za jimbo, ambayo inaipa bodi ya rufaa za kanda mamlaka ya kumruhusu mtu, kwa sababu maalumu, asifuate sharti fulani. Ruhusa hiyo huitwa variansi, nami katika maelezo haya nitaiita msamaha wa masharti. Boston ina sheria yake yenyewe, kwa hiyo siku na hesabu nitakazozitaja hapa chini zisichukuliwe kuwa za Boston.

Kabla ya kuomba, hakikisha kwamba unauhitaji

Msamaha wa masharti ndio mlango mwembamba kuliko yote, na mwenye busara hutazama kwanza kama upo mlango mwingine. Mahakama za jimbo zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa msamaha huo, na kwamba bodi inapaswa kuutoa kwa uchache. Muulize mkaguzi wa majengo, kwa maneno haya haya, kama kazi yako inaweza kupita kwa kibali maalumu, ambacho ni kitu tofauti: kibali maalumu hutolewa kwa jambo ambalo kanuni zenyewe zimelitaja kuwa linaweza kuruhusiwa, na masharti yake ya kuthibitisha ni mepesi zaidi. Tena, ikiwa nyumba yako ni ya familia moja au mbili na ilijengwa kabla ya kanuni za sasa, hivyo kwamba tayari haitimizi masharti, kifungu cha 6 cha Sura hiyo ya 40A kinaweza kukuruhusu kuipanua endapo bodi itaona kwamba mabadiliko hayo hayataudhuru mtaa kwa kiasi kikubwa zaidi ya nyumba ilivyo sasa. Nyumba nyingi za zamani katika miji ya viwanda ziko katika hali hii bila wenyewe kujua.

Wapo pia wanaotaka kumjengea mama au baba mzee nyumba ndogo uani. Sheria ya makazi iliyotiwa saini mwaka 2024 imebadilisha jambo hili: tangu tarehe 2 Februari 2025, katika kanda zinazoruhusu nyumba za familia moja, nyumba ndogo ya nyongeza isiyozidi futi za mraba 900, au nusu ya eneo la sakafu la nyumba kubwa ikiwa nusu hiyo ni ndogo zaidi, inaruhusiwa bila mji kudai kibali maalumu. Mji bado unaweza kuweka masharti ya kadiri kuhusu umbali kutoka mpakani na mengineyo, lakini hauwezi kukataa wazo lenyewe. Makanisa na misikiti nayo ina kinga yake katika kifungu cha 3, kinachozuia miji kupiga marufuku matumizi ya ardhi kwa ibada au elimu; kinachobaki kujadiliwa ni urefu wa jengo, maegesho na mambo ya namna hiyo. Jumuiya inayotaka kununua jengo la ibada inapaswa kujua hili kabla ya kuambiwa na yeyote kwamba ukanda huo ni wa makazi tu.

Jambo la mwisho katika hatua hii: ikiwa unachotaka ni kubadili matumizi, kwa mfano kufungua duka katika ukanda wa makazi, fahamu kwamba bodi haiwezi kusamehe sharti la matumizi isipokuwa kanuni za mji wako zinataja waziwazi kwamba inaweza, na miji mingi haikutoa ruhusa hiyo.

Mambo ambayo bodi lazima iyaone

Kifungu cha 10 kinataka bodi iridhike na mambo matatu, na yote matatu yawepo. La kwanza ni kwamba kiwanja au jengo lako lina hali ya pekee inayohusu udongo, umbo au mwinuko, hali ambayo haiukumbi ukanda mzima. La pili ni kwamba, kwa sababu ya hali hiyo, kulifuata sharti kama lilivyoandikwa kutakuletea ugumu mkubwa, wa fedha au wa namna nyingine. La tatu ni kwamba msamaha hautaleta madhara makubwa kwa umma wala kuitangua shabaha ya kanuni.

Hapa ndipo maombi mengi huanguka, na huanguka kwa sababu ya ubinadamu. Mwombaji husimama akaeleza kwamba familia imeongezeka, kwamba mama mkwe amefika kutoka nyumbani na magoti hayamruhusu kupanda ngazi, kwamba watoto wanne wanalala chumba kimoja. Wajumbe humsikiliza kwa upole, pengine na kwa huruma ya kweli, kisha humnyima, kwa kuwa sheria haikuwauliza habari za familia bali za ardhi. Watu huhama na nyumba huuzwa, lakini msamaha hubaki na kiwanja milele, ukimfaidi kila atakayekinunua baadaye. Kwa hiyo shida ya familia itajwe kwa sentensi moja, kama sababu ya kutaka kujenga, na maneno yanayobaki yote yaelekezwe ardhini.

Tuseme kiwanja chako ni chembamba nyuma mfano wa kabari, na upande wa kushoto umejitokeza mwamba, jambo la kawaida sana katika ardhi ya New England. Maelezo yako yatakuwa hivi: viwanja vingine katika mtaa huu ni vya mstatili, hiki kimechongoka kwa sababu barabara inapinda, upande mmoja hauchimbiki bila baruti, mahali pekee panapobaki pa kuweka chumba cha kawaida ni upande wa kulia, na hapo zinakosekana futi 6. Kila sehemu ya maelezo hayo inaonekana kwenye ramani, na mjumbe anayetaka kukubali ombi lako anapata kitu cha kuandika katika uamuzi. Usisahau kwamba ugumu uliojitakia mwenyewe hauhesabiwi. Aliyekigawa kiwanja chake na kuuza kipande, au aliyejenga kwanza bila kibali ndipo akaja kuomba, hawezi kuegemea hasara aliyojiletea.

Kuandaa ombi

Ombi huwasilishwa kwa karani wa mji pamoja na ada, barua ya mkaguzi na ramani. Gharama usiyopaswa kuikwepa ni ya mpima ardhi mwenye leseni, kwani ramani ya benki uliyopewa wakati wa kununua nyumba haikusudiwi kupimia umbali wa futi chache, na jirani mwenye shaka atauliza mpaka uko wapi hasa. Piga picha za mteremko, mwamba au maji yanayotuama, uandike juu ya kila picha imepigwa kutoka wapi.

Tangu siku ya kuwasilisha, kikao cha kusikiliza ombi kinapaswa kufanyika ndani ya siku 65 na uamuzi utolewe ndani ya siku 100, isipokuwa mwombaji na bodi wamekubaliana kwa maandishi kuongeza muda. Tangazo hutolewa gazetini mara moja kwa wiki katika wiki mbili mfululizo, la kwanza likitangulia kikao kwa siku 14 au zaidi, na barua hutumwa kwa wamiliki wanaopakana nawe, walio ng'ambo ya barabara moja kwa moja, na wanaopakana na wale wanaopakana nawe ikiwa wako ndani ya futi 300 kutoka mpaka wako. Soma tangazo hilo litakapochapishwa. Likikosea anwani au likitaja sharti lisilo lako, mwambie karani mapema, kwa kuwa uamuzi uliotanguliwa na tangazo bovu unaweza kubatilishwa.

Barua hizo zitakapowafikia majirani, wawe wamekwisha kusikia habari kwako. Nenda ubishe hodi, ukiwa na nakala ya ramani, wiki moja au mbili kabla. Jirani anayepata habari kwa barua ya serikali huiona kama njama, hata pale ambapo ujenzi haumhusu. Aliyeonyeshwa ramani mezani kwake anaweza kuomba tu kwamba dirisha lihamishwe au uzio uinuliwe, na ombi la namna hiyo ni heri ulijue mapema. Akikubali, mwombe aandike barua fupi kwa bodi.

Lakini hodi hiyo iishie kwa majirani. Kule nyumbani tumezoea kumwona mzee au mwenyekiti faraghani kabla ya baraza, na ni adabu njema. Hapa, kumtafuta mjumbe wa bodi ili kumweleza shauri lako nje ya kikao kunaweza kumlazimu ajitoe, na hivyo kukupunguzia kura.

Jioni ya kikao

Vikao vingi hufanyika jioni, katika jengo la mji au kwa video, na yeyote anaweza kuhudhuria. Ikiwa Kiingereza kinakupa shida, muulize karani mapema kuhusu mkalimani, wala usimtegemee mtoto wako wa shule kutafsiri maneno ya sheria. Mwenyekiti ataita shauri lako, utaeleza, wajumbe watauliza, kisha wananchi watapewa nafasi, na mwishoni mjadala utafungwa ili bodi izungumze yenyewe.

Kabla hujaanza kueleza, wahesabu wajumbe. Katika bodi ya watu 5, msamaha unahitaji kura 4. Katika bodi ya watu 3, unahitaji zote 3. Wakiwapo 4 tu kati ya 5, mmoja akisema hapana umeshindwa, na haitakusaidia kwamba watatu walikuunga mkono. Una haki ya kuomba kwa heshima kwamba shauri liahirishwe hadi bodi itimie, na wenyeviti wengi hulitaja hilo wenyewe. Kuahirisha kunaudhi ukiwa umeomba ruhusa kazini, lakini kunafaa.

Anza kwa kumwelekea mwenyekiti, taja jina lako na anwani, kisha sema unaomba nini kwa tarakimu: futi 9 mahali pa futi 15, upande wa kulia, kwa ukuta wenye urefu wa futi 14 kando ya mpaka. Baada ya hapo pitia yale mambo matatu kwa mpangilio wake, ukionyesha kila moja kwenye ramani. Dakika saba au nane zinatosha. Jirani akisimama kupinga, usimgeukie wala usimjibu. Andika hoja yake, na ukipewa nafasi mjibu kupitia kwa mwenyekiti, kwa jambo linalopimika kama vile mfereji wa maji ya mvua au mwelekeo wa taa. Yeye naye, ikiwa amekuja kwa busara, atazungumzia kivuli, maji na moto badala ya tabia za wageni wako.

Sikiliza kwa makini wajumbe wanapoanza kujadiliana. Ukisikia wawili wanasema hawaoni hali ya pekee ya ardhi, usisubiri kura. Ombi lililokataliwa haliwezi kurudishwa kwa miaka miwili isipokuwa kuna mabadiliko mahususi yenye uzito, ilhali ombi lililoondolewa kwa idhini ya bodi, bila kuathiri haki ya kuomba tena, linaweza kuletwa upya likiwa limepunguzwa. Omba hivyo kabla kura haijapigwa, kwa kuwa baada ya kura mlango huo umefungwa. Wakikubali kukupa msamaha, kwa kawaida wataambatanisha masharti, kama vile kupanda miti mpakani. Yaandike yote, na lisiloeleweka uliza papo hapo.

Baada ya kura

Kura ya jioni ile haikupi ruhusa ya kuanza kuchimba. Uamuzi ulioandikwa, wenye sababu zake, huwasilishwa kwa karani, na kuanzia hapo jirani aliyeathirika ana siku 20 za kwenda mahakamani. Wewe pia una siku hizo hizo ukinyimwa. Zikipita bila rufaa, karani hukupa cheti kinachothibitisha hivyo, nawe unakipeleka pamoja na uamuzi katika ofisi ya usajili wa hati za ardhi. Msamaha hauna nguvu kabla ya kusajiliwa, na kila mwaka wapo wanaoweka karatasi hizo kabatini wakidhani kazi imekwisha.

Kisha muda unaanza kuhesabiwa dhidi yako. Usipoitumia ruhusa hiyo ndani ya mwaka mmoja tangu ilipotolewa, inakufa. Bodi inaweza kuongeza muda kwa hadi miezi 6, ikiwa umeomba kwa maandishi kabla ya mwaka kwisha. Fundi asipopatikana kabla ya majira ya baridi, peleka ombi la kuongezewa muda mapema, pamoja na barua ya fundi inayoeleza kazi itaanza lini.