Kabla hujaongeza mmea wowote kwenye matibabu ya saratani

Tuelewane kwanza: sijaja kukejeli mitishamba. Baadhi ya dawa anazotundikiwa mgonjwa wako kwenye dripu zilianzia kwenye mimea. Vinkristini na vinblastini zinatoka kwa Catharanthus roseus, ua dogo lenye asili ya Madagaska ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo tu. Paklitakseli ilipatikana kwenye gome la mti wa Marekani, Taxus brevifolia. Gome lilikusanywa 1962, muundo wa dawa ukatangazwa 1971, ruhusa ya kutibu nayo saratani ya ovari ikaja 1992. Miaka 30. Na mti wenyewe ni wa sumu. Jamii hiyo ya miti ukitafuna majani yake, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni ya asili, haina madhara", mwulize amepima nini.

Uliza utafiti ulifanyiwa wapi. Seli kwenye kisahani cha maabara zinauawa na vitu vingi, hata spiriti. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye kiungo cha manjano, inaziua pia, lakini ukiimeza, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno.

Kokwa za tunda la aprikoti zinazosifiwa kuwa zinatibu saratani, achana nazo. Amigdalini, kemikali iliyomo, hutoa sumu ya sayanidi mwilini, na majaribio kwa wagonjwa huko Marekani, yaliyochapishwa 1982, hayakuona faida yoyote ya maana.

Usimwachishe mtu tibakemikali (dawa za hospitali za kuua seli za saratani) ili "kwanza ajaribu majani". Hilo silielezi.

Sasa hili lililonichoma mimi. Dada yangu mkubwa alipokuwa kwenye tibakemikali, nilimnunulia kapsuli za chai ya kijani. Nia njema, pesa yangu mwenyewe, na kwenye chupa picha ya jani lenye tone la umande. Kila kliniki nesi aliuliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?" Mimi ndiye niliyejibu, "Hapana." Wala sikuona kama nadanganya. Kichwani mwangu dawa ni ile iliyoandikwa na daktari. Hii ilikuwa chai.

Kabla ya dozi ya nne, vipimo vya ini vikarudi vimepanda. Dozi ikaahirishwa wiki moja, kisha nyingine. Wakapima homa ya ini, wakampiga picha ya tumbo, wakaanza kuzungumza kuhusu kupunguza kiwango cha dawa yenyewe. Nami nimekaa pale pale, mkoba magotini, chupa imo ndani ya mkoba. Iligundulika kwa bahati: dada alininyooshea mkono mbele ya nesi, "Nipe ile yangu ya mchana." Nesi akaichukua chupa, akaigeuza nyuma, akasoma maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyasoma. Kumbe kikombe cha chai ni kitu kimoja, na kapsuli iliyokolezwa ni kitu kingine kabisa. Hizo kapsuli zinajulikana kuumiza ini kwa baadhi ya watu. Tukaacha, na baada ya wiki kadhaa namba zikashuka. Zile wiki hazikurudi. Dada alisema tu, "Na vile zilivyokuwa kubwa kumeza."

Basi usingoje kuulizwa "dawa". Taja vidonge, poda, chai, mafuta, maji ya majani yaliyochemshwa, vyote. Na beba chupa yenyewe, usitegemee kulikumbuka jina.

Maana mimea hugongana na dawa, tena kimyakimya, bila hata kichefuchefu cha kukushtua. Hypericum perforatum, ule mmea wa maua ya njano unaouzwa wa kupunguza huzuni, huharakisha ini kuvunja dawa, hivyo irinotekani, dawa ya saratani, hupungua nguvu mwilini. Na irinotekani nayo ilitokana na mti! Balungi hufanya kinyume: baadhi ya dawa huzidi kwenye damu hadi kuwa sumu. Kama kuna upasuaji karibu, sema mapema kuhusu kapsuli za kitunguu saumu na za mti wa ginko, kwa sababu ya kuvuja damu.

Ukiruhusiwa kitu, anza na kimoja. Ukichanganya vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimeleta shida. Ushuhuda wa aliyepona usikie, halafu uliza hospitali alitibiwa na nini. Poda isiyo na lebo usiipokee hata ikitoka kwa mtu unayemheshimu: mimea ya jamii ya Aristolochia, kwa mfano, huharibu figo na yenyewe husababisha saratani ya njia ya mkojo. Angalia macho kama yanageuka manjano, angalia mkojo kama umekuwa mweusi. Na chupa ikiisha usiitupe, iweke mpaka majibu ya damu yanayofuata yatoke.