Namna ya Kufuatilia Asili ya Kivumishi cha Kiingereza: Mfano wa "nice"

Kijana anayetembeza wageni Lamu, kutoka Mkunguni hadi Shela, husikia kivumishi "nice" kutwa nzima: mlango wa nakshi ni "nice", samaki wa kupaka ni "nice", hata upepo wa kusi ni "nice". Akitaka kujua neno hili limetoka wapi, asianzie kwenye kamusi ndogo ya lugha mbili, kwani hiyo itamjibu "-zuri" kisha inyamaze. Atafute kamusi ya kihistoria inayopanga maana kwa kufuata wakati, kama Oxford English Dictionary, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928.

Asome kwanza maana kongwe. Hapo ataona kwamba "nice" liliingia katika Kiingereza karibu na mwaka 1300 kutoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya mjinga, na kwamba chimbuko lake ni "nescius" la Kilatini, yaani asiyejua. Sehemu ya kwanza, "ne", inakanusha. Ya pili inatokana na "scire", kujua, kitenzi kilekile kilichozaa neno sayansi. Ujinga na sayansi, kumbe, ni watoto wa nyumba moja.

Kisha ashuke ngazi kwa ngazi bila kuruka. Kutoka mjinga, neno lilipata maana ya mwenye haya, halafu mchaguzi asiyeridhika upesi, halafu kilicho sahihi kabisa au chenye tofauti ndogo sana, na ilipofika karne ya 18 likawa la kusifia kinachopendeza. Maana ya uchaguzi ndiyo daraja, nayo inastahili kusomwa polepole, maana mtu mchaguzi ndiye anayeona tofauti ambazo wengine hawazioni.

Akishapata orodha hiyo, aijaribu ndani ya sentensi. Akikuta "a nice distinction" katika kitabu cha zamani, tofauti ya kupendeza haitamfikisha popote, ilhali tofauti ndogo inayohitaji jicho kali itakaa sawasawa. Katika Northanger Abbey, riwaya ya mwandishi Mwingereza Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, mhusika Henry Tilney anamtania Catherine kwa kukiita kitabu "nice", akisema neno hilo sasa linafaa kwa kila kitu. Mzaha huo haueleweki kwa msomaji asiyejua maana za zamani za neno hilo.

Mgeni akimwambia kiongozi wake kwamba ni "nice", hakuna tusi hapo, kama ambavyo anayeulizwa "Mambo?" akajibu "Safi" hatoi habari za kuoga kwake. Wala mji wa Nice wa Ufaransa usimchanganye, kwani jina hilo lina asili ya Kigiriki.