Kana ikikuvuta mkono: kupanga matanga upepo ukikaza Kivu

Vijana wanaokuja kujifunza kuendesha boti ya tanga hapa Goma, kwenye ziwa Kivu, hutaka kwanza kujua namna ya kushika usukani kwa nguvu. Jibu langu huwaudhi. Ukihitaji nguvu, kosa liko juu, kwenye matanga, na hapo mkono hausaidii kitu.

Boti ninayoitunza ina mita tisa, mlingoti mmoja, tanga kubwa nyuma ya mlingoti na tanga la mbele linalojikunja kwenye waya. Tajiri wake hakai mjini, kwa hiyo miye ndiye ninayeifahamu tabia. Kana yake, ule mkono wa usukani, ina urefu wa mita moja, na nimepaka alama za rangi ya kucha kwenye ubao unaopita chini yake: moja katikati, moja sentimita tisa kando, nyingine sentimita kumi na saba. Kwa kana ya mita moja, sentimita tisa ni kama digrii 5, na kumi na saba ni kama digrii 10. Fanya hivyo kwenye boti yako kabla ya kusoma zaidi, maana bila alama kila mtu husema "inavuta kidogo tu" huku jasho linamtoka.

Kuvuta kidogo ni kuzuri. Boti ikitaka kupandisha uso kwenye upepo, nawe ukaizuia kwa kana iliyo karibu na ile alama ya kwanza upande wa joshi, unakotoka upepo, hapo imetulia. Ukiiacha kana, boti itageuka yenyewe na kusimama uso kwa upepo, jambo linaloweza kumwokoa aliyeteleza. Ikifika alama ya pili na kubaki pale, usukani umekuwa breki. Unaukokota ubao wa usukani majini, mwendo unapungua, na unajidanganya kwamba unaiongoza boti.

Mbona inavuta hivyo? Boti huzunguka juu ya mkuku wake, ule uti wa chini majini. Tanga la mbele husukuma omo, yaani mbele ya boti, kutoka kwenye upepo. Tanga kubwa husukuma tezi, yaani nyuma, na omo ikapanda kuelekea upepo. Upepo ukiwa wa wastani wawili hao husikizana. Ukikaza, boti hulala ubavu, matanga yananing'inia nje juu ya maji, na mvuto wao unaizungusha boti kuelekea upepo. Umbo la ubavu uliozama nalo linasukuma upande huohuo. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kuinyanyua boti. Yangu ikipita digrii 20 za kulala, sioni tena mwendo, naona sufuria zikianguka.

Tena nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 28, mzigo juu ya tanga unakuwa maradufu. Hapa tupo mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 14, kwa hiyo aliyezoea pwani huona upepo wa Kivu umepungukiwa na uzito. Asishangilie. Milima ya kisiwa cha Idjwi na ya Kalehe, ng'ambo ya magharibi, hukata upepo vipandevipande, na unapotoka nyuma ya rasi unapokewa na kipande kizima kwa mara moja.

Anza kwa kulifanya tanga kubwa kuwa bapa. Kaza kamba ya kutweka, ile inayolipandisha tanga, mpaka mikunjo ya kando ya mlingoti iishe, vuta kona ya nyuma ya chini, kaza waya wa nyuma unaoshika mlingoti kama unao. Tumbo la tanga linapungua na kusogea mbele, na kana inalegea papo hapo. Kama halisogei, tanga limechoka. Mafundi wa Birere, mtaa wa hapa Goma, wanaoshona hema na vifuniko vya lori wanatia kiraka kizuri sana, lakini umbo lililovutika kwa miaka hawalirudishi.

Kisha sogeza kigari cha kamba ya tanga kubwa kwenye reli yake, kiende upande wa demani, ule wa chini ya upepo. Dharuba, ule upepo wa ghafla, ikija, kiteremshe huko, ikiisha, kirudishe. Kitambaa kikipepesa kidogo karibu na mlingoti, kiache kipepese. Wanafunzi wangu hawapendi kuona tanga linapepesa, wanakimbilia kamba. Wazuie.

Kama baada ya hayo kana bado iko alama ya pili, punguza tanga, na uanze na lile kubwa. Watu huanza na la mbele kwa sababu ni rahisi: unavuta kamba moja, linajizungusha, umekaa kitako. Lakini umeondoa nguvu ya omo ukaacha ya tezi, na boti itavuta zaidi. Ziko boti zenye tanga kubwa mno la mbele, linalopita mlingoti hadi nyuma, ambazo huanzia huko. Yetu si ya namna hiyo.

Mkunjo wa kwanza ninaufanya hivi. Tanga la mbele libaki linafanya kazi ili boti isisimame. Legeza kamba ya kuvutia tanga kubwa, teremsha tanga hadi tundu la mkunjo lifike kwenye ndoana ya mlingoti, lishike hapo, kisha tweka tena kwa nguvu. Sasa vuta kamba ya mkunjo ya nyuma hadi kona ikae kabisa juu ya mti wa chini, ule uliolala chini ya tanga kubwa. Usiwe na huruma na kamba hiyo. Ikilegea, unapata tanga dogo lenye tumbo kubwa, na kana itavuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kitambaa kilichobaki kifunge kwa vikamba vyepesi, na uvifungue vyote kabla ya kulitweka tena, la sivyo utarudi Birere.

Ndipo kunja la mbele kiasi. Likipungua, kona yake hupanda na kwenda mbele, kwa hiyo sogeza mbele na kapi linaloongoza kamba yake. Ukilisahau, sehemu ya juu itafunguka na kupiga makofi.

Usipitilize. Iachie kana kwa kuhesabu tatu. Boti ikishuka na kuukimbia upepo badala ya kuupanda, umelipunguza mno tanga kubwa au la mbele limezidi. Hiyo naiogopa kuliko kuvutwa, kwa sababu dharuba ikija omo inaanguka chini, boti inalala zaidi, nawe huna pa kuponea. Kunja la mbele tena kidogo.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini unapanda ziwa lote kutoka Bukavu, na mawimbi yanayofika Goma yamepata nafasi ya kukua. Kwenda ni kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata huku na huku, kurudi ni upepo wa nyuma, na kurudi ndiko kunakowashinda wengi. Tanga kubwa lililotandazwa nje linaisukuma boti igeuke kila wimbi linapoinua tezi, na mti wa chini ukipita ghafla unampiga mtu kichwani. Mimi nalitua kabisa tanga kubwa na kuja na la mbele peke yake. Omo inavutwa, usukani unakuwa mwepesi, na mwendo hautakosekana.

Karibu na mji kuna mitumbwi mitatu-mitatu ya wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, yenye miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma. Ipishe kwa mbali. Chini ni miamba ya lava na kina kinashuka kwa haraka, kwa hiyo usitegemee nanga kukupa muda. Washa injini ukiwa bado na maji mapana, isikilize imeshika sawasawa, hakikisha mazutu, yaani dizeli, inatosha, na ndipo ukunje tanga la mbele.