Kuchagua na Kuandaa Kitotoleshi cha Mayai ya Reptilia

Anayetaka kutotolesha mayai ya nyoka, mjusi au kobe mara nyingi huanza kwa kuulizia sanduku: liwe kubwa kiasi gani, la plastiki au la stairofoamu, lenye kioo au lisilo nacho. Hayo ni mambo ya mwisho. Sanduku lolote linalohifadhi joto linaweza kugeuzwa kitotoleshi. Kinachoamua kama vitoto vitatoka hai ni themostati inayoliendesha, yaani kifaa cha kudhibiti joto, mahali kihisi chake cha kupimia joto kilipofungwa, na kipimajoto cha pili cha kuisuta themostati hiyo pale inapodanganya. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye themostati na kipimajoto, na zinazobaki ndizo zinunulie sanduku.

Kinachoigwa hapa ni shimo. Ukiwaacha chatu, ambao jike huyazungushia mayai mwili wake hadi yaanguliwe, na wengine wachache wanaolinda viota vyao, reptilia wengi wanaotaga hufukia mayai udongoni au kuyaficha chini ya majani yanayooza, kisha wakaenda zao. Humo ndani joto hupanda na kushuka polepole, unyevu haukauki kwa siku moja, na hakuna anayeligusa yai. Ndiyo maana mashine iliyotengenezwa kwa mayai ya kuku haifai kutumiwa kama ilivyo. Yai la kuku hugeuzwa mara kadhaa kwa siku ili kiinitete kisigande, lakini katika yai la reptilia kiinitete hupanda juu na tando zake kushikamana na ganda ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Likigeuzwa baada ya hapo, tando hizo huweza kuchanika na kiinitete kikafa. Mwenye mashine ya kuku na aondoe kabisa kigeuzi chake. Feni si lazima iondolewe, maana husaidia kusawazisha joto, ila mayai yakae ndani ya vikopo vilivyofunikwa, kwa sababu upepo wake hukausha haraka mayai yenye ganda laini kama ngozi.

Kabla ya kununua chochote, pima joto la chumba chenyewe kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Vitotoleshi vingi hupasha tu, haviwezi kupoza. Chumba kikifika nyuzi 30 za Selsiasi alasiri, ilhali mayai ya kinyonga yanahitaji nyuzi 26 au 27, hakuna themostati itakayokuokoa. Utahitaji mashine yenye uwezo wa kupoza, au chumba kingine. Hali njema ni chumba kuwa chini ya joto linalotakiwa kwa nyuzi chache wakati wote, ili mashine iwe na kazi ndogo ya kufanya na iifanye kwa utulivu.

Themostati zenyewe ni za namna mbili kuu. Ya kwanza huwasha na kuzima: joto likishuka inawasha, likifika inazima, na kati ya hapo mna mawimbi. Ya pili hupunguza nguvu ya umeme kidogo kidogo kadiri joto linavyokaribia kiwango kilichowekwa, na mawimbi yake ni madogo mno. Ukiweza, chukua ya pili. Usipoweza, ile ya kwanza bado inafaa iwapo sanduku limejazwa vitu vinavyotunza joto: chupa za maji zilizofungwa vizuri, zikipangwa pembeni na chini, huchukua muda kupata joto na muda kulipoteza, hivyo kulainisha mawimbi hayo. Chupa hizohizo hununua saa kadhaa umeme unapokatika.

Kwa anayejitengenezea, sanduku nene la stairofoamu au jokofu bovu lililosafishwa hutosha. Waya wa joto upitishwe chini na kwenye kuta kwa nafasi sawa, usirundikane mahali pamoja, na usigusane na vikopo vya mayai. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza: chagua kipasha joto chenye nguvu ndogo, inayotosha tu kulifikisha sanduku kwenye kiwango chake. Themostati ikiharibika huweza kubaki imewasha bila kuzima, na kipasha joto chenye nguvu nyingi kitayapika mayai usiku mmoja, ilhali kile dhaifu kitapandisha nyuzi mbili tatu kisha kikwame. Mwenye mayai ya thamani huunganisha themostati ya pili nyuma ya ile ya kwanza na kuiweka juu kwa nyuzi moja au mbili, iwe ya kukata umeme ya kwanza ikishindwa. Kupoa kwa saa chache kwa kawaida huchelewesha tu kuanguliwa. Kuzidi joto huua.

Kihisi kifungwe kwa kamba au gundi, kwenye kimo cha mayai, mbali na kipasha joto na mbali na mfuniko. Kikianguka sakafuni juu ya waya, themostati itadhani kote ni moto na mayai yatapoa. Kikining'inia nje ya sanduku, kinyume chake kitatokea, na hilo ndilo baya zaidi. Kipimajoto cha pili, kinachokumbuka joto la juu na la chini kabisa, kiwekwe ndani ya kikopo kimojawapo cha mayai. Hewa ya sandukuni inaweza kuyumba kwa nyuzi nzima bila yai kujua, na tena, mayai mengi yaliyokaribiana hutoa joto lao wenyewe wiki za mwisho, joto ambalo kihisi kilicho nje ya kikopo hakilioni. Kipimajoto kijaribiwe kwanza kwenye glasi ya barafu iliyosagwa ikachanganywa na maji kidogo: baada ya dakika chache kinapaswa kusoma 0, na tofauti yoyote iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya mfuniko.

Kiwango gani kiwekwe hutegemea aina. Kwa chatu wa Python regius wafugaji hutumia nyuzi 31 hadi 32, na mayai huchukua takriban siku 55 hadi 60. Kwa Pantherophis guttatus, nyoka mwembamba apendwaye na wafugaji wapya, nyuzi 27 hadi 29 zinafaa. Mayai ya vinyonga wengi huhitaji ubaridi na subira ya miezi, na ya tuatara, reptilia wa New Zealand afananaye na mjusi, huchukua mwaka na zaidi. Katika aina nyingi joto huamua pia jinsia. Jambo hili liliripotiwa kwanza mwaka 1966 na Madeleine Charnier, aliyekuwa akichunguza mijusi wa Agama agama huko Dakar, Senegali. Kwa geko wa Eublepharis macularius, ambaye ni jamaa wa mjusi kafiri wa ukutani, nyuzi 26 hutoa karibu majike watupu, nyuzi 32 hivi hutoa madume kwa wingi, na ukipanda zaidi majike hurudi. Kwa kobe na kasa wengi mambo ni mepesi zaidi: ubaridi hutoa madume, joto hutoa majike. Mashine inayoyumba kwa nyuzi mbili, basi, hukuchagulia jinsia bila kukuuliza.

Unyevu hutengenezwa ndani ya kikopo cha mayai, na sanduku zima halihitaji kuwa na unyevu. Vermikulaiti, madini mepesi yanayofyonza maji, ndiyo rahisi zaidi. Ipime kwa mizani, si kwa kikombe: gramu 100 za vermikulaiti kavu kwa gramu 100 za maji ni mwanzo mzuri kwa mayai yenye ganda laini, ambayo hunywa maji na kuvimba kadiri yanavyokua. Yale yenye ganda gumu, kama ya kobe na geko wengi, yataridhika na maji machache zaidi. Ukishachanganya, shika konzi moja na uikamue kwa nguvu. Ishikamane kama donge, na kati ya vidole litoke tone moja au mawili, basi. Maji yakitiririka, ongeza vermikulaiti; donge likivunjika mara tu ukifungua mkono, bado ni kavu. Toboa vitundu viwili vitatu vidogo ubavuni mwa kikopo. Kikopo chenye matundu mengi hukauka.

Yote haya yakamilike wiki nzima kabla ya jike kutaga. Washa mashine, weka vikopo vyenye vermikulaiti bila mayai, na andika joto la juu na la chini kila asubuhi. Likikaa ndani ya nusu nyuzi kwa siku tatu mfululizo, mashine iko tayari.

Mayai yakitoka, weka alama ya penseli juu ya kila moja kabla ya kulinyanyua, kisha ulihamishe bila kulizungusha na kulizika nusu kwenye vermikulaiti. Mayai ya nyoka yaliyogandana yaachwe yalivyo. Baada ya siku 7 hadi 10 unaweza kuyamulika kwa tochi ndogo gizani: yai lililo hai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, ilhali lisilorutubishwa hung'aa manjano tupu. Lenye shaka lisitupwe hadi linywee na kuota ukungu. Likibonyea mapema, ongeza maji ya uvuguvugu pembezoni mwa kikopo, kamwe si juu ya yai. Likibonyea siku za mwisho, hiyo ni dalili ya kawaida ya kukaribia kuanguliwa. Matone yakijikusanya kwenye mfuniko na kudondokea mayai, futa mfuniko na uinamishe upande mmoja. Vinginevyo, kufungua kikopo mara moja kwa wiki kunatosha kuingiza hewa safi, na wiki za mwisho mara mbili, maana vitoto huvuta hewa nyingi zaidi.

Ganda likishachanwa, kitoto huweza kukaa humo siku nzima au mbili kikiwa kimetoa pua tu, kikimalizia kiini kilichobaki. Usikivute. Kikitoka chenyewe kikiwa bado na kiini tumboni, kiache ndani ya kikopo, juu ya karatasi laini iliyolowa, hadi kitovu kifunge, na usipunguze joto la mashine mpaka yai la mwisho lipasuke au lioze wazi.