Kupanga vitambulisho vya Wikidata: namba hii ni ya nani?

Mimi ni mkutubi hapa Kisumu. Vijana wanaokuja kujifunza kuhariri Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni ambamo kila kitu kina ukurasa wake, huwa na haraka ya kujaza namba. Nawataka kwanza wajibu: namba hii inatambulisha nini hasa?

Tazama Kisumu. KIS ni msimbo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege, na HKKI ni wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Yote miwili ni ya uwanja wa ndege. KE-17 ni wa kaunti. Jiji lina ukurasa wake, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoingia pale, ingawa jina Kisumu liko kila mahali.

Kisha uliza nani ameitoa. ISO, shirika la kimataifa la viwango, walizipanga kaunti zetu kwa alfabeti, ndiyo maana Kisumu ikawa KE-17 na Nakuru KE-31. Katiba ya 2010 inaanza na Mombasa, ya 1, inamalizia Nairobi, ya 47, na humo Kisumu ni ya 42. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ila sifa P300 (sifa ni aina ya taarifa inayojazwa kwenye ukurasa, na namba yake huanza na P) ni ya msimbo wa ISO peke yake, kwa hiyo 42 haina nafasi hapo.

Vitabu ndivyo vinavyonikesha. ISBN, namba ya kimataifa ya vitabu, ni ya toleo, si ya riwaya kama kazi ya mwandishi. Riwaya ileile ikitoka kwa jalada gumu hupewa ISBN nyingine. Basi tengeneza ukurasa wa toleo, uweke P212 kama ni tarakimu 13, au P957 kama ni 10. Vitabu vingi vya Kenya utavijua kwa 978-9966. Waandishi wetu wanastahili uangalifu huu: toleo la kwanza likichanganywa na la miaka ya baadaye, historia ya kitabu imepotea.

Kwa mwandishi mwenyewe kuna namba za VIAF (P214) na ISNI (P213), zinazotambulisha majina ya waandishi. ORCID (P496), namba ya watafiti, pia ni ya mtu, lakini mtafiti hujisajili mwenyewe, wakati VIAF hukusanya kumbukumbu za maktaba. Ukikuta VIAF mbili za mtu mmoja, usifute. Yawezekana bado hazijaunganishwa.

Ukifika kuainisha sifa yenyewe, maana nayo ina ukurasa wake, tumia P31 (“mfano wa”) kusema ni kitambulisho cha watu, cha mahali au cha vitabu. Muundo wa herufi na tarakimu unaandikwa kwenye P1793, na kiolezo cha anwani ya wavuti kwenye P1630. Bofya kiungo kinachotokea, usome kinachofunguka, ndipo uhifadhi nyingine.