Sungura jike ndo anapelekwa kwa dume, acheni kupeleka dume kwa jike

Simu haziishi. "Afisa mifugo, jike langu limekuwa kichaa, limemng'ata dume korodani." Nauliza swali moja tu, nani kapelekwa kwa nani? Jibu ni lile lile, eti nilimtia dume kwenye banda la jike. Sasa hapo kichaa ni nani?

Nadhani mmezoea mbuzi. Beberu unamtembeza popote anapanda, lakini sungura jike banda lake ni lake, harufu yake imejaa humo, kona ya kukojolea anaijua, kwa hiyo ukimtumbukizia dume humo kwake huyo ni mvamizi na atampiga. Na dume mwenyewe akiwa ugenini hapandi haraka. Mwangalie vizuri siku moja: anainamisha pua, anazunguka kona moja moja, anasugua kidevu kwenye bakuli la maji, kwenye mlango, kwenye waya, maana chini ya kidevu ana tezi za harufu na anataka pale panuke yeye kwanza. Muda wote anaosugua, mwenye nyumba anajipanga.

Sungura hana makelele ndo maana watu wanadhani hasemi kitu. Anasema, ila kwa mwili. Jike akilaza masikio nyuma kabisa, mkia juu, mwili umekaza, shingo mbele, halafu anakoroma kwa kifupi, una sekunde chache tu kabla hajaruka na kuchapa kwa miguu ya mbele. Msichanganye na yule aliyepumzika, naye masikio yako nyuma lakini mwili umelegea na miguu ya nyuma kainyoosha pembeni. Akitwanga mguu wa nyuma chini ujue kahisi hatari, labda kenge au mbwa kapita, siku hiyo ahirisha. Na huyu aliyejikunyata konani macho yamemtoka, nyie mnasema "katulia, kakubali". Hajakubali, kaogopa! Aliyekubali anajinyoosha chini na kuinua makalio na mkia.

Haya, sasa fanyeni hivi. Kabla ya yote mgeuze jike umwangalie uke, ukiwa mwekundu na una unyevu twende, ukiwa mweupe na mkavu mrudishe ujaribu tena kesho au keshokutwa. Pandisha asubuhi kabla ya saa tatu au jioni kuanzia saa kumi na moja, mchana chini ya bati hapa Mwanza dume hana hamu hata kidogo, na joto likikaa juu ya nyuzi 30 siku nyingi mbegu zake zinaharibika. Toa mabakuli kwenye banda la dume, mwingize jike, na USIONDOKE. Simama hapo hapo. Kupanda kwenyewe ni sekunde tu, dume anaanguka pembeni na wengine wanalia kidogo, sio kifafa, usimwagie maji. Dakika 10 zinatosha, zikifika 15 hawajaelewana mtoe jike, usilazimishe. Ukitaka uhakika mrudishe tena baada ya masaa 8 hivi, maana mayai ya jike yanaachiliwa baada ya kupandwa, yapata masaa 10.

Halafu kuna hii ya kuwaacha walale pamoja usiku kucha. Nani kawafundisha? Asubuhi unakuta manyoya yametapakaa na hujui kama alipandwa au la, tarehe huna, na bila tarehe siku ya 28 ya kuweka kisanduku cha kuzalia utaijuaje. Andika kwenye simu au kwa chaki mlangoni. Siku ya 12 mpaka 14 mpapase tumbo taratibu uone kama ana mimba. Siku ya 28 weka kisanduku cha kuzalia, urefu sm 40, upana 30, kimo 30, ndani majani makavu ya mpunga. Siku ya 28, sio ya 20, ukiwahi anakigeuza choo na vitoto vitazaliwa kwenye mkojo. Akinyofoa manyoya siku ya 16 au 18 hiyo ni mimba ya uongo, mpandishe upya. Akinyofoa ya kifuani siku ya 29 au 30 hapo sawa, siku ya 31 hivi anazaa.

Kuhusu kuchinja jike eti mkorofi, subirini kwanza. Sungura wanatofautiana tabia, yupo anayekuja mlangoni mwenyewe na yupo anayekoromea kila mkono unaoingia. Mtoe umweke mezani mbali na banda lake, akitulia pale basi shida ni ulinzi wa nyumba tu, sio ugonjwa. Wengine mnawakoroga wenyewe, mkono mnauleta moja kwa moja mbele ya pua na pale sungura haoni, anashtukia vidole tu. Pitisha mkono juu ya kichwa, mguse mgongoni kwanza, ndo uweke chakula. Na masikio sio mpini wa kumnyanyulia, sirudii.

Dume aliyeshang'atwa muoshe kwa maji ya chumvi, paka iodini, mtenge peke yake, na asipandishe mpaka kidonda kipone kabisa. Kama korodani imechanika mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, msinisubiri mimi Jumatatu.